Filamu ya Mume Wangu Ilimfanya Mamangu Anikane

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita. Mume sina tena. Mamangu mzazi yu hai, ana akili zake timamu, lakini hataki hata kuisikia sauti yangu... Naandika haya huku machozi yakinitoka.

Marehemu babangu alikuwa mwandishi. Riwaya yake ilisomwa shuleni miaka mingi, na hadi leo watu wazima hunisimamisha njiani wakanambia iliwaliza darasani. Ni kisa cha mama aliyefiwa na mwanawe, akawa kila adhuhuri anampakulia chakula kana kwamba atarudi kutoka chuo cha Kurani ana njaa.

Majirani zetu wa mtaa wa Kibokoni walijua kwamba mama huyo ni mamangu. Kakangu alichukuliwa na homa akiwa na miaka sita, kabla mimi sijazaliwa.

Niliolewa na Kassim, mtengenezaji filamu, kijana mcheshi mwenye maneno matamu. Tulikaa kwa mamangu. Asubuhi Kassim alikuwa akiketi naye jikoni, mama akikaanga mahamri, wakizungumza kama mtu na mwanawe. Nilimshukuru Mungu! Ni wanawake wangapi wanaopata mume anayempenda mama yao hivyo?

Siku moja Kassim akamwomba mama ruhusa ya kuifanya riwaya ile filamu ya kisasa. Mama akamwambia, "Chukua, mwanangu. Lakini mtoto wangu usimfanye kichekesho."

Kassim akaubusu mkono wake. "Wallahi mama, nitamuenzi."

Filamu ilipokamilika tulialikwa kwenye ukumbi mmoja mjini. Mama alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akaketi mstari wa mbele. Alikuwa na furaha kama bi harusi...

Taa zikazimwa. Akatokea mwigizaji aliyejifunga leso kama mama, anatembea kama mama, hata kukohoa anakohoa kama mama! Akapakua chakula. Kisha akachomoa simu, akajipiga picha na ile sahani, akasema kwa madaha, "Haya wapenzi wangu, marehemu leo ala biriani! Msisahau kunifuata!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kassim alikuwa ameigeuza riwaya ya babangu kuwa kejeli ya watu wanaotafuta umaarufu mitandaoni. Mama mwenye uchungu alikuwa amekuwa tapeli wa machozi. Kila alipolia, watu walicheka. Nilimwona mwanamume mmoja anajipiga mapaja!

Mama akaninong'oneza, "Wacheka nini hawa, mwanangu?"



Halafu likaja lililotumaliza. Yule mwigizaji akaelekea dirishani, akaita kwa sauti ya kubembeleza, "Chiriku! Chiriku wangu, njoo ule!"

Mama akanigeukia. Chiriku lilikuwa jina alilomwita kakangu kwa siri. Riwayani halimo. Babangu alitaka kuliandika, mama akamkatalia. Baada ya babangu kufa, tuliolijua tulikuwa mama na mimi tu...

"Umempa hata hilo?" akaniuliza. Akainuka, akatoka nje, nyuma yake watu bado wanacheka.

Nyumbani nilimbana Kassim. Akanambia bila haya kwamba alikuwa akiiacha simu jikoni inarekodi, kwa sababu mama akiwa peke yake huzungumza na mwanawe. "Hakuna mwigizaji anayemfikia mamako," akasema, huku akitabasamu. Wallahi alitabasamu!

Nikamvuta hadi chumbani kwa mama. Nikamwambia, "Mweleze ukweli."

Kassim akapiga magoti. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Nisamehe, mama. Bintiyo ndiye aliyenambia. Mimi sikujua kama ni siri."

Nililia, niliapa, nilimshika mama miguu. Mama alimtazama yule mkwe anayelia machozi ya uongo, akanitazama mimi, akamwamini yeye! Mimi nimetoka tumboni mwake, jamani!

Baada ya hapo mateso hayakuisha. Filamu ilisambaa kwenye simu za watu. Mama akienda sokoni, vijana wa barazani humwita, "Bibi, Chiriku ashakula?" Akaacha kutoka. Mwishowe akafunga virago, akahamia kwa dadake Malindi.

Kassim alipata sifa. Jukwaani, akipokea tuzo, alimshukuru "mama mkwe wangu mpenzi". Hazikupita siku nyingi akanipa talaka, akamwoa yule yule mwigizaji. Mwanamke aliyemwigiza mamangu!

Nilifunga safari hadi Malindi. Mamangu mdogo alinifungulia, akanionea huruma, akamwita mama. Mama akaja hadi mlangoni. Alikuwa amekonda. Nikamwambia, "Mama, ni mimi mwanao."

Akanitazama kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Mimi nilikuwa na mtoto mmoja," akasema. "Nilimzika."

Akafunga mlango.

Ndugu zangu, nawasihi: uchungu wa wazee wenu msimkabidhi mtu kwa kuwa tu anajua kubusu mkono. Anayetaka kukisimulia kisa cha nyumba yenu, mwambieni awaonyeshe kazi yake kabla haijatoka nje. Ketini na wazee mbele ya skrini, mtazame hadi mwisho, na mkiona haya, kataeni hapo hapo, hata kama ni mume, hata kama mnampenda. Kicheko cha watu kikishatoka hakirudishwi... Mimi nilikisikia, na mamangu alikisikia.