Moshi Uliofukuza Ndege

"Daktari, mbona mnapita? Mgonjwa yuko hapa hapa uwanjani!"

Edina alikuwa anapiga kelele kwenye simu huku mkono mwingine umekandamiza tumbo la dada yake. Nyanzobe alijifungua alfajiri, na damu ikakataa kukata. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Tunduma, mto Momba umefurika. Kwa Edina, nesi wa zahanati ya kijijini, tumaini lilikuwa moja tu: ndege ya madaktari, iliyokuwa ikinguruma juu yake bila kuonekana.

"Nesi, hatuoni kiwanja! Moshi umefunika kila kitu. Nani kawasha moto?"

Edina akageuka. Kuuzunguka uwanja mzima, watu walikuwa wanarundika majani mabichi kwenye moto, wanapunga kanga na kushangilia.

"Zimeni! Mnamuua dada yangu!"

Wakahangaika na ndoo na matawi. Wapi! Majani mabichi yakimwagiwa maji ndiyo kwanza yanafuka. Ndege ikazunguka, ikazunguka tena.

"Mafuta yanatuishia, nesi. Tunakwenda kujaza, tunarudi."

Walirudi kweli. Wakamkuta Nyanzobe ameshafunikwa kitenge mpaka usoni.

Msibani, Zabron hakumwachia Edina mkono. Huyu ndiye mchumba wake, mwenye kibanda cha video, maarufu bonde zima. Sinema za kigeni alizitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, na utani juu. Siku hizo kibanda kilikuwa kinajaa kwa tamthilia moja ya madaktari wanaoruka na ndege kuokoa watu maporini.

"Marubani waoga tu hao," Zabron aliwaambia waombolezaji. "Moshi kidogo, wakakimbia."

Luhaga, mume wa marehemu, akainuka na fimbo yake.

"Nawaapia, ndege ile haitatua hapa tena. Ikitua, ni mimi au wao!"

Kesho yake vijana wakajaza mawe uwanjani.

Siku zikapita. Mtoto aliyeachwa na Nyanzobe akawa hanyonyi vizuri chupa, mbavu zinahesabika. Edina akampigia daktari, na daktari akakubali kuja kumchukua. Luhaga hakutaka hata kusikia.

"Shemeji, mtoto anakufa huyu!"

"Bora afie mikononi mwangu. Hao walimwacha mama yake."

Jioni ile ujumbe ukaingia kwenye simu: *Mpenzi usilie sana. Harusi yetu ni Jumamosi, nitakufuta machozi yote. Nakupenda kuliko pumzi yangu. Zabron.*

Edina akamsomea Ruti, jirani yake. Ruti akainamisha kichwa.

"Dada, mimi nimeshindwa kulala na hili. Ule moto tuliwasha kama kwenye tamthilia. Zabron ndiye alituita. Alisema moshi mwingi ndio unaita ndege."

Asubuhi Edina alikuwa mlangoni pa kibanda.

"Niwekee ile sehemu ya moshi. Bila sauti yako."

Zabron akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaiweka. Kwenye kioo wanakijiji wa nchi ya watu waliwasha moto, ndege ikaponea chupuchupu, na daktari akashuka mbio anafoka kwa Kiingereza, mikono hewani.

"Hapa ulitafsiri nini, Zabron?"

"Kwamba... anawashukuru. Moshi umemwonyesha njia."

"Anasema wazime moto! Anasema nusura wawaue wote! Kwani wewe Kiingereza unakijua?"

"Cha mpakani tu, cha kuuziana na Wazambia. Watu walikuwa wanasubiri, Edina, ningenyamaza? Na siku ile nilitaka ndege ikuone. Nilikuwa nakusaidia."

Edina akalia. Alimwamini, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Najua. Sasa twende kwa Luhaga ukamwambie, ili atoe mawe."

"Ataniua! Ngoja harusi ipite."

"Na mtoto naye angoje?"

Zabron akageuka kuzima mashine.

Mchana kibanda kilifurika, watu wamefuata tamthilia yao. Luhaga naye alikuja, kwa kuwa Edina alimwangukia miguuni. Sehemu ya moshi ilipofika, Edina akanyakua kipaza sauti.

"Leo natafsiri mimi. Daktari anasema: zimeni moto! Sioni pa kutua! Mnataka kutuua?"

Zabron akamsogelea, akamnong'oneza:

"Umenimaliza. Ungenyamaza tu, wangesahau. Mtu mwenyewe ameshazikwa."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Spika zilizofungwa nje kwenye mti zikayatoa maneno yale hadi kisimani.

Luhaga akasimama, fimbo mkononi, macho mekundu. Edina akaingia katikati.

"Usimpige, shemeji. Kijiji kizima kilikata yale majani. Nipe mtoto."

Fimbo ikaanguka. Yule mwanaume mzima akakaa chini, akalia.

Edina akavua pete, akaiweka juu ya mashine ya video.

"Edina, nisamehe. Lilikuwa kosa."

"Moshi nilishakusamehe, Zabron. Haya uliyosema sasa hivi ndiyo siwezi kulala nayo kitanda kimoja."

Kulipokucha uwanja ulikuwa mweupe, hakuna jiwe. Ndege ikatua mara ya kwanza tu. Edina akapanda na mtoto kifuani, Luhaga nyuma yake. Zabron alisimama mbali, peke yake, hakuna aliyemsemesha.

Ndege ilipoinuka, Edina akachungulia dirishani. Aliiona nyumba ya dada yake na kaburi jipya pembeni. Kisha akaona jambo lililomfanya amkumbatie mtoto na kulia kwa sauti: asubuhi ile, kijiji kizima, hakuna paa hata moja lililokuwa linafuka moshi. Hakuna aliyethubutu kuinjika hata chai.