Mkono wa Breki

Asubuhi hiyo daktari wa meno aliingia gereji akiwa na kitambaa chake begani, kama alivyozoea kabla ya kwenda kazini, akakuta skuta yake ya rangi ya krimu imelowa chepechepe. Pikipiki nyingine zote zilikuwa kavu, zimepangwa kwa umri, kuanzia ile kongwe yenye magurudumu membamba kama ya baiskeli mpaka ile nyekundu yenye kigari cha pembeni. Skuta peke yake ndiyo iliyochuruzika maji, kuanzia usukani mpaka tairi la mbele. Akatazama juu. Bati lilikuwa zima, na hata kama lingekuwa na tundu, mvua ya mwisho ilinyesha siku aliyokufa shemeji yake.

Mtu mwingine angeita mtu aje aone. Yeye aliifuta, akakamua kitambaa, akaenda zake kung'oa watu meno.

Huyu bwana na vyuma vyake, walikuwa kitu kimoja. Majirani waliiita gereji yake makumbusho, na mke wake akiulizwa habari za nyumbani alijibu kwamba anaishi na wake wenza wengi, wote hawapiki na wote wanakunywa mafuta. Daktari alicheka, lakini katika jambo moja hakuwa na utani hata chembe: kila kilichokuwa kwenye mashine zake lazima kiwe kile kile zilichotoka nacho kiwandani. Ukimwonyesha skrubu mpya kwenye pikipiki ya zamani, uso unamkunjamana utadhani kaona jino limeoza.

Skuta ya krimu ilikuwa imepungukiwa kitu kimoja tu, mkono wa breki ya mbele, ule wa kubana kwa vidole, ambao kwa skuta za aina hiyo huwa na nyota ndogo iliyogongwa kwenye ncha. Aliutafuta kila mahali akaukosa. Na mkono kama huo ulikuwa ukipita mbele ya macho yake kila mara, kwenye skuta ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Shemeji alikuwa mpiga chapa, mtu mpole, aliyeachiwa na baba yake skuta ya aina hiyo hiyo, akaiendesha kwenda kazini kila siku ya Mungu mpaka rangi ikachakaa. Daktari ndiye aliyemfanyia sevisi, bure, kwa mapenzi tu.

Basi maonyesho ya pikipiki za kale yalipokaribia, skuta ya shemeji ikiwa mikononi mwake kwa sevisi, daktari akaufungua ule mkono wa nyota akauhamishia kwenye yake. Kwenye ya shemeji akafunga mwingine wa bei rahisi, alioununua sokoni, akaupaka grisi na vumbi usionekane mpya. Alijiambia anaazima tu, maonyesho yakiisha atarudisha. Maonyesho yakaisha, akapata kikombe, na kila aliposhika spana ili arudishe, moyo ukamwambia kesho. Shemeji hakugundua kitu. Alishukuru hata, akasema breki imekuwa laini.

Mkono ule wa sokoni ulikatika jioni ya mvua, kwenye mteremko, nyuma ya lori lililosimama.

Hakuna aliyeuliza. Chuma cha zamani, watu walisema, kimechoka. Daktari mwenyewe ndiye aliyepeleka mabaki ya ile skuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akasimama pale mpaka yakakandamizwa, na ndugu wakamsifu kwa kumpunguzia mdogo wake machungu. Kisha akamchukua mdogo wake akae kwake, akampa chumba kinachopakana na gereji.

Na yule mdogo wake, maskini, alikuwa ameshajihukumu. Jioni ile ya ajali alikuwa amempigia mumewe simu.

"Nilimwambia fanya haraka, chakula kinapoa," alimwambia kila aliyekuja kumpa pole. "Mimi ndiye niliyemuua. Kingepoa, kwani ingekuwaje?"

Daktari alikaa pembeni yake akimpigapiga mgongoni. "Usiseme hivyo, mdogo wangu," alimwambia, na jibu lenyewe limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijua maneno machache tu yangemtua yule mwanamke mzigo wote. Akafikiria jina lake, akafikiria wagonjwa wake, akafikiria macho ya mdogo wake yatakavyomtazama, akaendelea kumpigapiga. Tangu hapo mdogo wake akawa hali. Anapakua chakula, anakitazama mpaka kinapoa, anakimwaga. Nguo zikaanza kumvuka mwilini.

Baada ya ile asubuhi ya maji, zikaja sauti. Kila jua linapozama, saa ambayo shemeji alikuwa akirudi kutoka kazini, gereji ikatoa mlio wa breki inayobanwa na kuachiwa, kriii, tak, kriii, tak, na harufu ya mpira ulioungua pamoja na lami yenye mvua ikaingia mpaka jikoni.

"Mume wangu, umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anabana breki?"

Daktari alisogeza sikio ukutani. Upande wa pili, mdogo wake alikuwa ameanza kusema peke yake, polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Ni mimi, mume wangu. Ni mimi niliyekuharakisha."

Jioni iliyofuata daktari alipiga moyo konde akaingia gereji mwenyewe, na hapo ndipo alipoona kiti cha skuta kikibonyea taratibu kama kinavyobonyea mtu mzito anapokikalia, na ule mkono wa nyota aliouhangaikia miaka yote ukisogea wenyewe kuelekea usukani, kidogo kidogo, mpaka mwisho, na kwenye kromu aliyoisugua asubuhi vikatokea vidole vya maji, kimoja, kingine, vyote vinne, vikabaki vimebana hivyo hivyo kwa muda huku yeye ameganda, akijua kwamba kilichokaa pale kinamtazama na kinamjua, mpaka sauti ya mdogo wake iliposema tena nyuma ya ukuta, "Ni mimi," na mkono ukaachiwa, kiti kikainuka, na nyayo zenye maji zikateremka sakafuni, zikampita yeye pale aliposimama, zikampita kabisa kama mtu asiye na habari naye, zikaenda kuishia kwenye mlango wa mdogo wake.

Aibu ya moyo wake ni hii, na aliijua mwenyewe: kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu.

Mganga aliletwa na mkewe. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye daktari aliwahi kumng'oa jino, na hakuwa amesahau.

"Leo zamu yangu," alimwambia mlangoni.

Alimkalisha mdogo mtu kwenye kigoda katikati ya pikipiki, akamfunika shuka, akafukiza ubani mpaka taa za pikipiki zote zikapotea katika moshi. Ilikuwa alasiri, nje watu wanapita na shughuli zao, lakini mle ndani balbu ilibidi iwashwe. Mganga akasema aliyekufa harudi kubana breki. Hili ni jini, limevaa tu sauti na harufu za marehemu.

"Umemfuata nini binti huyu?" aliuliza.

Iliyojibu chini ya shuka haikuwa sauti ya mdogo mtu. Ilikuwa nzito, yenye maji maji. "Nimekaribishwa. Kila jioni anasema ni yeye."

"Na ndiye?"

Kicheko. "Siye. Mwenyewe yupo hapa hapa, lakini amefunga mlango. Huyu amefungua. Nitakaa mpaka aishe."

Mganga akafunika chetezo. "Mmesikia," alisema chini chini. "Huyu amebakiza kidogo. Kama kuna anayejua jambo, aliseme mbele yake, tena liwe zima."

Mke alimgeukia mumewe. Daktari alijikohoza. "Labda ni mimi," alisema. "Ile sevisi ya mwisho, nadhani sikuikagua vizuri."

Mkono wa kulia wa mdogo wake ukatoka chini ya shuka. Ulikuwa umejikunja kana kwamba umeshika usukani, na vidole vinne vikaanza kubana hewa, kriii, mlio ule ule, vikabana mpaka kucha zikazama kwenye kiganja na damu ikaanza kudondoka sakafuni, na vikaendelea kubana, na chini ya shuka mdogo wake sasa alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya utotoni aliyokuwa akimwita nayo kaka yake akiumia, "Kaka, kaka, inauma," na daktari akajikuta amepiga magoti kwenye ile damu akisema yote bila kupumua, kwamba simu haikuua mtu, kwamba breki aliiharibu yeye, kwamba aliufungua mkono mzima kwenye skuta ya mtu mwenye mke akafunga wa sokoni, akaupaka vumbi, akachukua kikombe, akaona siku zinapita akaziacha zipite, akasimama kuona mabaki yakikandamizwa ili asije akajulikana, akamwacha yeye ajiue kwa njaa kwa kosa lisilo lake kwa sababu aliogopa macho yake, basi. "Mimi, mdogo wangu. Siyo wewe. Mimi."

Vidole vikafunguka.

Kilichofuata hakikuwa na kishindo. Baridi ilimpanda daktari mgongoni, kisha mikono miwili yenye maji ikamzunguka kiunoni kutoka nyuma, ikamshika vile abiria anavyomshika mwendeshaji kwenye kona. Mganga aliona uso wake, akaanza kufungasha vitu vyake.

"Litoe," mke alimwomba.

"Jini lililopotea njia nalitoa," mganga alisema. "Hili limefika kwao."

Mdogo mtu akajifunua shuka. Alikuwa amesawijika, lakini macho yalikuwa yake. Hakumtazama kaka yake. "Wifi," alisema, "kuna chakula?" Wakamletea, akala pale pale kwenye kigoda, sahani mapajani, kiganja kimefungwa kitambaa. Akaomba kingine, akala. Halafu akaenda chumbani kufunga mizigo yake.

Jua lilikuwa linazama alipopita tena gereji na begi lake. Daktari alikuwa bado sakafuni, ameegemea skuta, hawezi kuinuka kwa uzito aliobeba. Alitamani mdogo wake amtukane. Alitamani hata amteme mate, kwa sababu hicho angekielewa.

Mdogo wake alimwangalia, kisha akaangalia juu kidogo ya bega lake. Yeye ndiye aliyeishi nalo.

"Kaka," alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake dawa. "Likikubana, usivute pumzi kwa nguvu. Linabana zaidi. Na halipendi taa. Ukiiacha inawaka, linakuja usoni."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Mdogo wake akainua begi lake akaenda.

Mkewe alibaki mlangoni. Alitazama ile balbu, akamtazama mumewe na pale nyuma yake ambapo yeye hakuona kitu. Kisha akanyoosha mkono, akazima taa, akamfuata wifi yake nje.