Sisimizi Kwenye Maharagwe ya Mama Adrienne

Kiangazi chenye baridi kikianza, ukungu wa asubuhi hulala juu ya mtaa wa Panda kama mtu asiyetaka kuamka. Mapaa ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi hayaonekani. Unasikia tu milango ikifunguliwa, mbabula, majiko ya makaa, zikipulizwa, na mtu akikohoa mahali fulani.

Saa hiyo Mama Adrienne hupenda kuwa bustanini. Hujifunga kitenge na kuchuchumaa kati ya matuta ya maharagwe. Maharagwe hayo ndiyo chakula cha nyumba, na yanayobaki huyauza sokoni. Lakini akiwa pale hafikirii soko. Husikiliza umande ukidondoka kutoka jani hadi jani. Mawazo yake humchukua mbali, mpaka Kasai, nchi ya wazazi wake, ambayo yeye hajawahi kuiona.

Asubuhi moja macho yake yalirudi kutoka huko mbali, yakatua juu ya shina la haragwe. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka. Mstari wao mweusi ulipita bila kelele, kama uzi unaovutwa. Majani machanga yalikuwa yamejikunja. Aliyagusa, yakamnata vidoleni kama asali.

"Muzee, kuya uone!" aliita. "Basisimizi banamaliza maharagwe yetu!"

Mumewe, Zéphirin, alikuja na ndoo yake ya kumwagilia. Alikuwa fundi wa mgodi, sasa amestaafu. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Banatembea muzuri sana," alisema taratibu. "Sawa siye zamani, tukienda kazi."

"Weye unabasifu, na tutakula bukari na nini kwa hii nyumba? Ugali mutupu? Leo naenda kununua poudre ya sokoni, ile ya kuua badudu."

Zéphirin akatikisa kichwa. "Ile poudre ya Henriette, jirani yetu? Bakuku bake bote balikufa. Na mutoto wake alitapika mpaka bakamupeleka hospitali. Hapana, mama. Tungojee Estelle."

Estelle alikuwa mjukuu wao. Alikuwa akisomea kilimo, na siku za mapumziko huja kuwasalimia. Jumamosi hiyo alifika na mwanafunzi mwenzake, Ghislain. Mama Adrienne hakungoja hata wanywe maji. Aliwapeleka moja kwa moja bustanini.

Estelle akapiga goti. Akageuza jani moja.

"Kambo," alimwita bibi yake, "angalia huku chini."

Mama Adrienne akasogeza uso. Chini ya jani kulikuwa na vidudu vidogo vya kijani, laini, vimejazana kama punje za mtama.

"Hivi ndivyo vinavyofyonza utomvu wa haragwe," alisema Estelle. "Ni vidukari, chawa wa mimea. Vikishiba, vinatoa maji matamu. Sisimizi wanapenda maji hayo. Kwa hiyo wanavichunga, kama mtu anavyochunga ng'ombe. Adui akija, wanamfukuza."

Mama Adrienne akainama zaidi. Kundi la mifugo, chini ya jani moja! Alijihisi kama mtu aliyechungulia dirishani akaona mji ambao hakujua kuwa upo.

"Basi tufanye nini?"

"Bon," alisema Ghislain. "Shuleni tunajaribu dawa za majani. Lakini hatujui ipi inafaa zaidi kwa maharagwe yako. Utupatie matuta matatu, kambo. La kwanza tutanyunyiza maji ya mchaichai. La pili, pilipili, kitunguu saumu na sabuni. La tatu, maji tu."

"Maji tu? Ile tuta inafanya zambi gani?"

Estelle akacheka. "Bila hilo hatutajua. Wadudu wakiondoka kila mahali, labda ni baridi imewaondoa, siyo dawa."

Mama Adrienne aliumia kulitoa tuta hilo. Lakini alikubali.

Walitwanga konzi moja ya pilipili pamoja na kichwa cha kitunguu saumu. Wakaviloweka katika ndoo ndogo ya maji mpaka kesho yake. Kisha wakachuja kwa kitambaa na kukuna ndani yake kipande kidogo cha sabuni ya kufulia. Mchaichai waliuchemsha. Harufu yake ilijaa uani, ikaingia nyumbani, ikakaa kwenye mapazia. Ghislain alijisahau, akajipangusa jicho kwa mkono wa pilipili. Alipiga kelele, akakimbilia bombani.

"Ndiyo maana dawa ya majani nayo inataka heshima," alisema Estelle. "Ukimaliza, unanawa kwa sabuni. Na watoto wasiiguse."

Walijaribu kwanza kwenye jani moja, wasije wakaunguza shamba. Jani lilibaki zima. Jioni, jua lilipolainika na nyuki kurudi kwao, walinyunyizia upande wa chini wa majani.

Baada ya siku chache Estelle na Ghislain walirudi. Hakuna kilichobadilika. Sisimizi walikuwa wakipita kama kawaida. Mama Adrienne alinuna. Ghislain alikuna kichwa. Ndipo Zéphirin akaja na ndoo yake, akaanza kumwagilia kutoka juu, maji yakitiririka kwenye majani yote.

"Kambo!" Estelle alimpazia babu yake sauti. "Unaoshaka dawa yetu!"

Zéphirin akasimama, ndoo ikining'inia mkononi. "Minye nilikuwa nayanyweshaka, mukubwa," alijitetea, kama mbele ya bosi wa mgodini.

"Uyanyweshe kwenye mizizi tu."

Wakaanza upya. Safari hii mzee alimwaga maji chini, polepole, na walirudia dawa kila baada ya siku chache. Kwenye tuta la mchaichai, sisimizi walikimbia, kisha wakarudi. Kwenye tuta la maji tu, majani yalizidi kujikunja. Lakini kwenye tuta la pilipili na sabuni, vidukari vilikauka na kudondoka. Mifugo ilipokwisha, wachungaji nao wakaondoka wenyewe. Hawakuhitaji kuuawa.

Basi walinyunyizia dawa hiyo bustani nzima. Sisimizi walihamia kando ya ukuta, ambako hawakumsumbua mtu. Maharagwe yakachanua maua meupe, na asubuhi ukungu ulipokuwa mzito, maua hayo yalionekana kama yanaelea hewani bila shina.

Walikula maharagwe mapya kwa bukari, baada ya kuyaosha vizuri. Kikapu kingine kilikwenda sokoni.

Habari haikukaa. Mama mmoja wa kanisani kwao, Providence, mwenye shamba dogo la bamia, alikuja na chupa tupu.

"Mama Adrienne, unipatie na minye ile dawa. Gombo yangu inakufa."

Mama Adrienne aliichukua chupa, akaiweka chini.

"Dawa nitakufundisha. Inapikwa na bintu bya jikoni. Lakini kwanza twende kwako. Uinamie gombo yako na weye mwenyewe ugeuze jani. Tuone ni nani anaishi kule chini."

Akajifunga kitenge vizuri, wakatoka wote wawili ndani ya ukungu.