Injini Isiyo na Namba

Jua lilikuwa linazama Fundi Kawaida alipokwenda kwa mjane mmoja kuchukua injini. Jina hilo la Kawaida alipewa na wateja. Mtu akimletea gari linalokoroma kama mzee mwenye mafua, yeye huinamisha sikio, husikiliza, kisha husema, "Kawaida tu hiyo." Hata alipojua injini haitamaliza wiki alisema hivyohivyo, maana hakupenda kuona mtu akinyong'onyea mbele yake.

Safari hii mteja alikuwa daktari wa meno. Gari lake lilikuwa la mbio, la zamani, jekundu, la milango miwili, na fupi mno: ukiingia unaketi kama mtu aliyechuchumaa. Injini yake ilikwisha na spea hazikupatikana tena. "Niwekee kubwa," daktari alisema. "Nikiwasha, jirani ahame." Mafundi wengine waliikataa kazi hiyo. Kawaida hakujua kukataa.

Mjane alimpokea mlangoni akampeleka moja kwa moja chumbani. Fundi aliona haya kuingia chumba cha kulala cha mtu. Kisha akaiona.

Injini ilikuwa kitandani.

Ilikuwa imelazwa upande wa ukutani, imefunikwa shuka jeupe, na kitanda cha chuma kimebonyea chini yake. Upande wa pili palikuwa na mto mmoja. Chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi kama wewe," mjane alinong'ona. "Namba yake aliifuta mwenyewe, kwa tupa. Ichukue, baba. Lakini usiipe namba nyingine."

"Bila namba haipiti ukaguzi, mama."

"Basi isipite."

Fundi alitabasamu, akaita wapagazi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Karakana yake ilikuwa na chumba kimoja cha magari na kimoja cha cherehani. Kwenye cherehani alikaa binti yake, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akishona viti vya magari. Mama yake alifariki binti akiwa mchanga, na fundi alimlea peke yake, mkono mmoja spana, mkono mwingine chupa ya maziwa. Alimwita "mama," kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. Bila binti huyo, fundi hakuwa na mtu duniani, na alilijua hilo kila asubuhi alipoamka.

"Baba, hiyo injini ni ya lori," binti alimtania. "Unamvika mtoto koti la babu."

"Atalikulia."

Kwa siku tatu alikata na kuchoma. Alikata ukuta wa mbele ili giaboksi ipite, akatoboa boneti kwa kuwa injini ilikuwa ndefu mno, akaunga vikalio vipya vya chuma vya kuishikilia. Kazi haikuwa nzuri, na moyoni aliona aibu kidogo. Magharibi ya siku ya tatu kila kitu kilikuwa mahali pake ila namba, na ukaguzi ulikuwa kesho asubuhi.

Akachukua nyundo na vyuma vya kugongea tarakimu. Zilitakiwa nane. Kichwani mwake alikuwa na tarakimu nane tu, alizozitumia kwenye kufuli, kwenye simu, kila mahali: tarehe ya kuzaliwa ya binti yake.

Akazigonga moja moja.

Ko. Ko. Ko...

Alipogonga ya mwisho, cherehani ilinyamaza.

"Umeniita, baba?"

"Hapana, mama."

"Nimesikia mtu ananiita. Kwa karibu sana..."

Fundi akawasha. Injini iliitikia mara moja, kwa sauti nene, tulivu, nzuri kuliko alivyotarajia. Alifurahi kama mtoto. Ile harufu ya nywele ilipita puani, akadhani ni rangi mpya inaungua. Akaisikiliza kidogo, akaridhika, akazima.

Kimya.

"Mama, umeisikia hiyo?"

Hakujibiwa. Binti alikuwa amelaza shavu juu ya ngozi ya kiti, uzi ungali mkononi. Fundi alimshika bega. Baridi. Aliweka sikio puani mwake, yeye aliyezoea kusikia hitilafu ndogo kabisa... Hakusikia kitu.

Alimbeba huku akilia kwa sauti. Gari lililokuwa karibu na mlango ni hilo jekundu. Akamketisha, akazungusha ufunguo.

Injini ikanguruma, na binti akavuta pumzi.

"Baba, mbona unalia?"

Aliendesha hadi lango la hospitali. Mlinzi akainua kiganja. "Zima gari kwanza, mzee." Fundi, kwa mazoea, akazima.

Kichwa cha binti kikaanguka begani kwake.

Akawasha. Kikainuka.

Mlinzi aliyaona yote mawili. Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, akafunga lango.

Hapo ndipo fundi alipogeuza gari kwenda kwa mjane. Aliliacha likiwaka mbele ya nyumba, binti ndani yake, akabisha. Mjane alipousikia mngurumo ule hakuuliza habari. Alikaa chini, pale pale kizingitini.

"Umeipa tarehe ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Mume wangu aliipa yake. Miaka minne iliwaka uani, usiku na mchana. Ilipoanza kuchoka, akaniomba nimpe tupa; alipomaliza kuifuta, akakata roho." Alijifuta macho kwa kiganja. "Niliiweka kitandani kwa kuwa sikujua tena yeye yuko wapi."

"Na kabla yake?"

"Aliikuta imefutwa. Kila mtu huikuta imefutwa."

"Nikigonga ya kwangu pembeni yake?"

"Haibebi wawili, baba."

"Mama, nisaidie. Sina mwingine."

"Nilikusaidia," mjane alisema polepole. "Nilikwambia."

Fundi alirudi garini, akili yake ya ufundi ikitafuta pa kushika. Petroli anaweza kuongeza injini ikiwaka. Maji pia, na oili, kwa uangalifu. Yule daktari wa meno ataambiwa chochote, atalipwa gari jingine kidogo kidogo, hata kwa miaka yote iliyobaki. Watu wameishi na mizigo mikubwa kuliko huu. Karibu aamini.

Akafungua mlango, akainamisha sikio kwa mazoea.

Tok.

Ilitoka chini kabisa ya injini, palepale anapopajua.

Tok... tok.

Ilikuwa beringi iliyolika. Alikuwa ameisikia mara elfu katika magari ya watu. Kuibadilisha si kazi ngumu, angeifanya amefumba macho. Unateremsha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unafungua boliti chache, unaweka mpya.

Lakini kwanza unazima injini.

Binti alikuwa ameweka kiganja kifuani, akimtazama kwa macho ya utotoni, ya kungoja baba atengeneze.

"Baba," alinong'ona, "kuna kitu kinagonga humu ndani."

Fundi aliingia, akafunga mlango taratibu, akamshika mkono. Ulikuwa na joto la injini.

"Kawaida tu hiyo, mama," akasema.