Mashine Iliyoachiwa Kazi ya Mikono

Wenzangu mnaolea, nanyi mnaotarajia kulea, nisikilizeni kidogo. Haya yalitokea mlango wa tatu kutoka kwangu. Wenyewe wameniruhusu niyasimulie, mradi majina yao niyaache huko huko ndani.

Mume ni kinyozi. Wateja wake humwita Wembe, kwa mkono wake mwepesi na kwa ulimi wake pia. Mkewe ni mshonaji katika kiwanda cha sare za shule. Miaka mitano waliingojea mimba, na ilipokuja waliilea kama yai. Jumapili moja asubuhi, mimba ikiwa ya miezi minane, ungewakuta wamekaa sakafuni, dirisha wazi, mke akikunja nguo ndogo ndogo, mume akijifunza kumfunga nepi mto wa kulalia.

"Umemkaba huyo," mke alicheka. "Mtoto hafungwi kama gunia."

"Huyu ni mto. Mtoto akija nitakuwa fundi."

Hapo simu ya Wembe ikalia. Fundi simu, ambaye kibanda chake kimepakana na cha Wembe, alikuwa amemtumia picha: mashine nyeupe ya umeme ya kuchemshia chupa za mtoto kwa mvuke, yenye taa ya bluu na mfuniko unaong'aa. Chini yake ameandika: "Sisi wengine wanetu hatuwalei kwa sufuria."

Wembe aliitazama ile picha. Kicheko kikaishia hapo.

Ni kweli walihitaji njia ya kuua vijidudu kwenye chupa. Likizo ya uzazi ingekwisha, mke angerudi kiwandani, na mtoto angenywa kwa chupa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kulikuwa na njia tatu: kuchemsha chupa kwenye sufuria, kuziloweka kwenye maji yaliyotiwa vidonge maalumu, au mashine ya mvuke.

"Keshokutwa naenda kliniki," mke alisema. "Twende wote tumuulize nesi. Hata sufuria, nasikia inatosha."

"Nesi ataniambia nini? Miaka mitano tumengoja, halafu kifungua mimba wangu nimlee kwa sufuria, kila mtu anatuona?"

"Nani anatuona jikoni?"

Wembe akaitazama tena simu. Lakini mimi na wewe tunajua nani. Siku hizi jiko halina mlango. Picha inatoka ndani kabla ya moshi.

Wiki ile ile mashine ikaja, kubwa kuliko ya fundi simu. Wembe aliipiga picha mbele, ubavuni na ikiwa imewashwa. Pongezi zikamiminika. Kitabu cha maelezo alikiacha ndani ya boksi, na boksi akalipandisha juu ya kabati la nguo.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kwa miezi mitatu alinyonya kwa mama yake tu, na mashine ikakaa mezani kama mgeni wa heshima. Siku ya mke kurudi kazini ilipokaribia, mama yake Wembe alikuja kumlea mjukuu. Ni mama mchapakazi, mcheshi, aliyelea watoto sita. Siku ya kwanza tu aliizunguka ile mashine mara mbili.

"Mwanangu, hii inafanyaje kazi? Inaosha?"

"Mama, inafanya kila kitu. Weka chupa, mimina maji pale, bonyeza. Usijisumbue."

"Mimi nimezoea sufuria."

"Mambo ya sufuria yamepitwa na wakati, mama. Usituaibishe."

Mama wa watu akabonyeza.

Basi ikawa hivyo. Kila siku bibi aliisuuza chupa kwa maji kidogo, akaitia kwenye mashine bila hata kuichomoa chuchu, akabonyeza. Taa ya bluu ikiwaka moyo wake unatulia. Jioni moja mke alirudi kutoka kazini, akachukua chupa, akaona chini ya chuchu utando mweupe wa maziwa yaliyoganda. Alinusa. Harufu ilikuwa kali.

Akamtazama mama mkwe aliyekuwa akimwimbia mtoto. Akajiambia: nikisema, ataona namsimanga, amekuja kunisaidia, na mume wangu ataniona mkorofi. Akaichukua brashi, akaisugua ile chupa moja kimyakimya, akairudisha. Nakuomba, msomaji, usimhukumu haraka. Wangapi kati yetu tumewahi kunyamaza ili kulinda amani ya nyumba, kumbe tunaichimbia?

Haikupita wiki, mtoto akaanza kuharisha, kisha kutapika. Bibi akasema ni meno. Wembe akasema ni maziwa.

"Unayakamulia huko huko kwenye vumbi la vitambaa, yanachacha njiani! Acha kazi ukae na mtoto."

"Yanakaa kwenye friji ya ofisi, nayabeba kwenye barafu," mke alijibu. Hata hivyo, wote wawili walipokuwa wamegeuka, alifungua mkoba na kuanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Hakuimaliza. Asubuhi iliyofuata mtoto alilia bila machozi. Ile sauti ya kuamsha mtaa ilikuwa imebaki kama ya kinda la ndege. Midomo mikavu, macho yameingia ndani, na utosi umebonyea. Mimi nilikuwa nafagia mlangoni nilipowaona wakitoka mbio, mama kambeba mtoto kifuani, baba nyuma na viatu visivyolingana, bibi akivuta mkoba. Nikaacha ufagio, nikawasimamishia gari.

Kliniki walipokewa bila foleni. Mtoto alitundikiwa dripu, na baadaye akaanza kupewa dawa ya kurudisha maji mwilini kwa kijiko, tone kwa tone. Saa nne nzima Wembe alisimama kando ya kitanda. Mtoto alipofumbua macho na kuanza kutafuta ziwa la mama yake, ndipo alipokaa chini, sakafuni, akafunika uso.

Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwaita wote watatu.

"Chupa za mtoto anaosha nani?"

Wembe akamtazama mkewe. Mke akamtazama mama mkwe. Bibi akamtazama mwanawe.

"Tuna mashine," Wembe akasema. "Nzuri sana. Ya mvuke."

"Sikuuliza mnachemshia nini. Nimeuliza anaosha nani."

Bibi akasema polepole, "Mwanangu, uliniambia nibonyeze. Nimebonyeza."

Hapo mke alibubujika. Akaeleza utando aliouona na jinsi alivyonyamaza. "Mimi ndiye niliyeona. Mimi ndiye mama yake."

Nesi hakumkemea mtu. Alimgeukia Wembe. "Nasikia wewe ni kinyozi. Dukani una lile kabati la kuulia vijidudu kwenye mashine za kunyolea?"

"Ninalo."

"Ukimaliza kichwa kimoja, unaitia mashine humo na nywele zake?"

"La! Napiga brashi kwanza, nafuta na spiriti, ndiyo naiweka. Uchafu ukibaki, kabati haliwezi..."

Akajikatiza. Nesi akamwacha amalizie mwenyewe moyoni.

"Kuapa kwamba ni chupa siwezi," akasema, "lakini wanaoletwa hapa kwa sababu hiyo nimewaona wengi. Mvuke unaua vijidudu. Hauoshi maziwa yaliyoganda. Nawa mikono. Chomoa chupa vipande vyote. Osha kwa sabuni na brashi, hasa ndani ya chuchu, suuza, ndipo uchemshe. Ukiwa na mashine, fuata kitabu chake. Ukiwa na sufuria, maji yafunike chupa, yachemke vizuri. Mtoto hajui bei ya chombo."

"Na kazi?" mke aliuliza, akaeleza habari ya friji na barafu. "Niache?"

"Kwa nini uache? Maziwa yako ni mazuri, na unayahifadhi vizuri. Rudi kazini, mama."

Siku ya tatu waliruhusiwa. Walipofika nyumbani Wembe alilishusha boksi, akatoa kitabu, akakaa jikoni na mama yake. Akasoma kwa sauti, bibi akifanya kwa mikono. Ukurasa wa pili tu, kwa herufi nene: osha chupa kabla ya kutumia mashine.

"Kumbe ilisema!" bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mimi nilikuuliza!"

"Uliniuliza, mama. Nisamehe. Nilikujibu nisichokijua."

Kisha akamgeukia mkewe. "Nawe nisamehe kwa maneno ya maziwa. Siku nyingine ukiona kitu, piga kelele. Hata nikinuna, nitanunua."

"Utanunua nini tena?" mke akamuuliza, na wote wakacheka. Alikuwa ametaka kusema "nitanuna tu kisha nitapoa," ulimi ukateleza. Wembe nao huwa butu siku moja moja.

Tangu hapo zamu ya kuosha chupa za jioni ni ya Wembe. Umeme ukikatika wanachemshia sufuria, na hakuna aliyeaibika. Mtoto amenenepa, na sauti yake imerudi. Mimi jirani ndiye shahidi, maana silali mchana.

Juzi nilikuwa pale kinyozini. Kijana mmoja anayengoja mtoto wake wa kwanza alikuwa kwenye kiti, kanyoosha simu. "Bro, ile mashine yako niliiona kwenye picha. Nami nataka hiyo hiyo. Ndiyo bora?"

Wembe akazima mashine ya kunyolea. Fundi simu alikuwa mlangoni, anasikiliza.

"Mwanangu alilazwa siku tatu nikiwa na hiyo hiyo," akasema, mbele ya watu wote. "Nilikuwa sijui kuosha chupa. Nunua unachokiweza, lakini kwanza mpeleke mkeo kliniki, mkaulize wote wawili. Halafu jioni pita kwangu, nikuoneshe chuchu inavyosuguliwa."

Watu wakaguna. Fundi simu akakuna kichwa, akaingia ndani, akasema taratibu, "Nami nitapita."

MAFUNZO

Ndugu zangu, mashine haina kosa. Kosa ni kununua kwa ajili ya macho ya watu, kisha kuona haya kuuliza. Chombo chochote, cha bei au cha bure, hakifanyi kazi ya mikono iliyonawa. Baba, usijibu usichokijua. Mama, ukiona kasoro, iseme kwa upole, lakini iseme siku hiyo hiyo. Nawe uliyekuja kusaidia, ukiambiwa "bonyeza tu," uliza mara ya pili. Mficha uchi hazai, na aliyekwisha kuzaa akificha asichokijua, anayeumia ni mtoto.