Ghala la Chini ya Mnara

Rafiki yetu Ersilia aliolewa Castelspiga, lakini alizaliwa Valdarsa, mji wa ng'ambo ya bonde, na hilo wenyeji hawakumsamehe. Zamani za vita, watu wa Valdarsa walikuja na watoto wao kuomba ngano, nao watu wa Castelspiga wakawafungia lango hata wakafa njaa hapo nje. Siku hizi wageni huletwa kutazama lango hilo, pamoja na ghala la ngano lililochimbwa chini ya mnara, ambalo halijatiwa hata punje miaka mingi.

Asubuhi ya sikukuu ya mavuno, Ersilia alitumwa humo kuchukua viti. Mzee Gaudenzio, mlinzi wa mnara, alimfungulia mlango shingo upande.

"Niwashie taa basi, mzee wangu."

"Taa mbovu. Papasa! Si ndugu zako walililia sana kuingia humu?"

Alipofika chini, mlango ulibamizwa. Giza likamzunguka pande zote. Alipiga kelele, Gaudenzio akacheka huko juu, kisha kukawa kimya. Ndipo akasikia mtu anatafuna, polepole, karibu kabisa na sikio lake.

"Nani?"

Kutafuna kukakoma. Ersilia akanyoosha mkono kutafuta ukuta. Kitu kikawekwa kiganjani mwake, na vidole vyake vikakunjwa juu yake, kimoja kimoja.

Alipanda ngazi mbio, akaugonga mlango mpaka Gaudenzio akafungua huku anacheka.

"Umeshika nini hicho, we mwanamke?"

Ersilia akafumbua ngumi. Gaudenzio akaacha kucheka. Ilikuwa ngano iliyotafunwa ikalainika, kama ya kumlisha mtoto asiye na meno, na bado ilikuwa na joto la mdomo.