Chumba cha Kusomea

Hadi leo rafiki yangu Adélaïde hajui nani alikuwa akifunua kurasa mle ndani. Maktaba ya mtaa wao, Bukavu, ilibaki tupu tangu vita, watu walipochoma vitabu na meza zake kupikia maharagwe. Adélaïde pia alipika kwa vitabu hivyo.

Wenye kiwanja walipoamua chumba cha kusomea kizibwe, aliwaomba wamwachie, maana marehemu baba yake ndiye aliyekitunza. Wakakataa. Mwashi Grégoire alipokuwa akiujenga mlango kwa matofali, Adélaïde akiwa kando, kurasa zikasikika zikifunuliwa gizani mle ndani.

“Maman, iko panya tu,” akacheka.

“Panya inakula nini? Hata karatasi haiko.”

Likabaki tofali moja. Ndani kidole kikagonga meza, jinsi baba yake alivyozoea kunyamazisha wasomaji. Grégoire akatupa mwiko, akakimbia. Tofali aliliweka Adélaïde mwenyewe, kidole kikiendelea kugonga.